Nyanya Zilizoota Mchombe

Asubuhi niliyoondoka Kidatu sikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa na begi moja la mgongoni, kandambili ndani ya mfuko, na kipande cha sabuni ya mche kilichokuwa bado kimelowa kwa sababu nilikuwa nimetoka kuoga. Niliwaamkia wenye nyumba kama mtu anayekwenda kazini, nikatoka na sikurudi. Barabarani lilisimama fuso lililobeba kreti tupu za soda. Nikamuuliza dereva anaelekea wapi, akasema Ifakara, nikasema na mimi. Angesema Iringa, ningesema na mimi vilevile. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shule niliiacha kidato cha pili, na nilikuwa nimekwisha kuishi katika miji saba bila kumaliza mwaka katika hata mmoja. Nikiona gari linakata kona nilitaka kujua linakwenda wapi. Nikishajua, naanza kutazama gari lingine.

Nayaandika haya kwa sababu ya msiba. Mwezi uliopita tulimzika mzee Kasiani, pale Lumemo, na katika wasifu uliosomwa kabla jeneza halijashushwa walimtaja kuwa mfyatua tofali hodari, mume, baba, na mwanakwaya. Yote hayo ni kweli. Lakini kazi yake ya mwisho, ile aliyoipenda kuliko tofali, haikusomwa. Nadhani familia iliona haya kuitamka mbele ya padri. Nilisimama nyuma pamoja na akina mama, nimevaa kanga ya kuazima, na mara tatu nilitaka kunyoosha mkono niseme. Sikusema. Niliondoka kabla chakula cha msiba hakijapakuliwa, maana miguu yangu haijapona ugonjwa wake, na tangu siku ile sijatulia. Nimehama chumba mara moja, na hiki ninachoandikia sina hakika nitamaliza nacho mwezi. Basi nitasema hapa.

Ifakara ya mwaka ule ilikuwa ya baiskeli na vumbi, na watu wa Mahenge walikuwa bado wanavuka mto kwa pantoni. Nilipanga chumba kwa Bibi Editha, Lumemo, mjane mnene mwenye sauti ya kuita kuku. Kuta za nyumba yake hazikufika kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa chumba cha kwanza kilisikika hadi cha mwisho. Nilijua fundi cherehani wa jirani anaota nini, na yeye bila shaka alijua ninavyokoroma. Jioni Bibi Editha alipika wali mwingi na kambale wa kukaushwa, akatupakulia wapangaji sahani moja moja kana kwamba ni deni analotudai, na tukila alitutazama midomoni. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja ukutani, na dirisha lililotazama choo cha uani. Choo kile ndicho kilichonipa kazi. Mwezi wa Mei kilijaa, likaja gari la majitaka kukitapisha, na wapangaji wote wakakimbilia barabarani wameziba pua. Mimi nilibaki nikitazama bomba linavyotetemeka. Gari lilipoondoka nikajiuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyejiuliza: linakwenda kumwaga wapi? Niliazima baiskeli ya fundi cherehani nikalifuata.

Liliniongoza nje ya mji, kwenye uwanja uliozungushiwa senyenge. Mle ndani kulikuwa na vitanda vipana vya mchanga na kokoto, vimejengewa kingo za saruji, na gari likamwaga mzigo wake katika kimojawapo. Maji yalichuja kwenda chini, tope likabaki juu. Kwenye vitanda vingine tope lilikuwa limekauka na kupasuka vipande kama udongo wa jaruba la mpunga wakati wa kiangazi. Mbele zaidi yalijipanga malundo meusi yanayotoa mvuke, na juu ya mojawapo alisimama mzee mwembamba mwenye buti za mpira na reki, ananitazama.

"Umepotea, binti?"

"Shikamoo mzee. Nimefuata gari."

"Marahaba. Watu wote wanalikimbia, wewe unalifuata." Akashuka taratibu, akiburuta mguu mmoja. "Una pua kweli wewe?"

Huyo ndiye Kasiani. Alinieleza kila kitu siku ileile, nadhani kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Tope kavu lilichanganywa na pumba za mpunga, ambazo Ifakara hazina mwisho, mashine za kukoboa zinazitupa kama takataka. Mchanganyiko ukirundikwa na kunyunyiziwa maji kidogo, unajichemsha wenyewe. Moto ule ndio unaoua magonjwa. Lakini nje ya lundo ni baridi, kwa hiyo linageuzwa, cha nje kiingie ndani, na kila baada ya kugeuza linaachwa lichemke tena kwa siku zake. Mara tano. Mradi ulioendesha uwanja ule ulikuwa umewapa kipimajoto, kikavunjika, na Kasiani akarudi kwenye njia yake: nondo ndefu iliyochomekwa katikati ya lundo tangu jana yake. Aliichomoa, akakamata ncha yake kwa kiganja, akaanza kusali Salamu Maria kwa sauti ya kawaida, si haraka si polepole. Alifika katikati akaachia.

"Ukiimaliza sala bado umeshika, lundo limelala. Ukishindwa kufika Amina, linafanya kazi. Haya, shika."

Nilishika, nikasali.

"Salamu Maria yako inakimbia," akasema. "Bikira Maria mwenyewe hakusikii. Rudia."

Wiki iliyofuata nilikuwa na buti zangu. Kazi ile ilinifaa kwa sababu kila siku kulikuwa na kitu cha kuuliza, na Kasiani alijibu. Aliniambia kwamba kwa miaka ishirini alifyatua tofali. Kufyatua tofali ni kukwangua udongo wa juu, ule mzuri, kuuchoma na kuuuza, na kuacha shimo na ardhi nyekundu isiyoota hata magugu. "Nyumba za nusu ya mji huu zimekula mashamba," alisema, "na mimi nilikuwa kijiko." Karibu na uwanja palikuwa na kipande chake mwenyewe alichokikwangua enzi hizo. Alikuwa amekipa mboji ya lundo lake la kwanza lililokamilika, na tulikuwa tukienda kukitazama saa ya mapumziko, tukiwa na chai ya rangi na vitumbua. Mwaka wa kwanza kilitoa nyasi tu. Mwaka niliofika kilikuwa na kunde zimefunika ardhi yote. Alichimba kwa kidole, akanionyesha mnyoo wa ardhini, akaurudisha na kuufukia kama mtu anayemfunika mtoto. Nimeona mengi tangu hapo, machimbo na bandari na masoko, lakini sijaona tena mtu mzima akifurahi hivyo kwa sababu ya mnyoo.

Nyumbani sikusema ninafanya kazi gani. Nilisema nazoa samadi kwa wafugaji pembeni mwa mji. Nilikuwa naoga mara mbili kabla ya kula, na bado niliwasikia juu ya ukuta.

"Ng'ombe hawanuki vile," alisema fundi cherehani.

"Labda wa Kisukuma," alijibu Bibi Editha. "Wale wametembea sana."

Nilijicheka kitandani, lakini sikuamka kusahihisha. Ndoo yangu ya kuogea ilikuwa imekwisha kutengwa na ndoo za wengine hata kwa hadithi ya ng'ombe. Niliogopa ukweli ungetenga sahani.

Mwezi wa Juni alikuja mdogo wake Bibi Editha, Mama Gaudensia, kutoka Mchombe. Alileta mchele mpya na mkungu wa ndizi, akakaa siku mbili, na jioni zote mbili alizungumzia shamba. Mume wake, kabla hajafariki, aliwaruhusu wafyatua tofali wakwangue nusu eka nyuma ya nyumba. Sasa alibaki na wajukuu wawili wa kike na ardhi isiyoota kitu. Mashamba ya mpunga aliyokodi yalikuwa mbali. Hiki kipande ndicho pekee kilichokuwa chake kwa jina, na mashemeji walikuwa wameanza kusema kwamba ardhi iliyokaa bure haina mwenyewe. Msimu huo asipoonyesha mazao pale, wangeingia.

"Wewe si unazoa samadi?" akaniuliza, mkono bado kwenye wali. "Mwanangu, nitafutie hata fuso moja. Ng'ombe kwetu wameondoka, samadi nzuri haionekani."

Ningeweza kusema pale pale. Bibi Editha alikuwa ananitazama mdomoni kama kawaida yake. Nikasema, "Nitakutafutia mama."

Kasiani alifurahi kuliko nilivyotarajia. Walikuwa wanatafuta ardhi iliyokwanguliwa ya kujaribia mbali na mji. Aliuliza jambo moja tu: "Umemwambia ni nini?" Nikasema ndiyo. Tukaanza lundo dogo la Mama Gaudensia. Malundo makubwa yalichukuliwa sampuli na kupimwa kabla ya kutoka. Hili, kwa kuwa la majaribio, lilitegemea neno letu. Tulipoligeuza mara ya tatu, Kasiani akaitwa Mahenge, dada yake alikuwa mgonjwa. Aliniachia reki na nondo. "Zimebaki mbili," alisema. "Kingo zake tunaziingiza ndani kwenye ya nne na ya tano. Usiharakishe, lundo halina basi la kuwahi."

Siku ya pili nilisikia kwamba Mngeta, kwenye lile shamba kubwa la mpunga, mashine za kuvuna zimeingia. Sikuwahi kuona mashine inayokata, inapura na kumwaga punje huku inatembea. Nilijiambia nitakwenda siku mbili. Nilikaa tisa. Nilikodoa macho kutazama. Mchana kutwa nilifuata yale madude pembeni ya jaruba, nikala wali kwa vibarua, nikajifunza jina la kila mkanda na kila jino la chuma. Niliporudi Ifakara lori la kwenda Mchombe lilikuwa limekwisha kupatikana, linaondoka kesho yake. Nilichomeka nondo katikati ya lundo, nikaishika asubuhi. Sikufika Amina. Nikajiambia linachemka, basi limeiva. Kingo zilikuwa vilevile Kasiani alivyoziacha. Nikapakia. Aliporudi aliniuliza kama nililigeuza mara tano, nikamjibu, "Zote."

Miezi ikapita bila neno. Mvua zilipokuwa zimekolea, jioni moja tukiwa uani tunachambua mchicha, simu ya Bibi Editha ililia, naye huweka sauti ya nje ili sote tusikie. Ilikuwa Mama Gaudensia, anaongea kama msichana.

"Dada, yule binti yupo? Mwambie samadi yake imebarikiwa. Nimepanda mahindi, na katikati zimejiotea nyanya. Mamia. Sijapanda hata mbegu moja."

"Nyanya bure?" akauliza Bibi Editha.

"Bure kabisa. Wasichana wanapalilia kwa mikono wasizikate. Zikiiva nitaziweka barabarani, shemeji zangu wapite wazione."

Kila mtu alinipongeza. Fundi cherehani alitaka nimletee na yeye gunia. Nililala vizuri usiku ule, lazima nikiri, sikujua nilichosikia. Asubuhi nilimpelekea Kasiani habari kama zawadi. Alikuwa anafunga kamba za buti. Aliacha.

"Ng'ombe wa wapi wanakula nyanya?" akasema.

Nikainama kuokota reki.

"Nauliza, binti. Ulimwambia ni samadi?"

"Ndiyo."

"Na lundo uligeuza mara ngapi?"

Nikageuka kutazama malundo, naye hakuuliza tena. Alinieleza kwa sauti ileile aliyonieleza siku ya kwanza, na hilo liliniuma zaidi kuliko angenifokea. Mbegu ya nyanya hupita tumboni mwa mtu nzima nzima. Katika lundo lililogeuzwa sawasawa inaungua, haioti tena. Ikiota, maana yake kuna sehemu ambazo moto haukufika. Na mahali ambapo mbegu ya nyanya imepona, mayai ya minyoo nayo yamepona, kwa sababu yenyewe ni magumu zaidi. "Na wale wasichana wanapalilia kwa mikono," akasema. "Bila viatu, nadhani. Kisha nyanya mtu anaiokota, anaifuta kwenye nguo, anaila."

Nilisema labda tunyamaze, mvua itasafisha.

"Mvua haisafishi, inasambaza." Akasimama. "Ama uende wewe, ama niende mimi. Mimi nikienda nitasema lundo lilikuwa langu, kwa sababu lilikuwa langu. Wewe sitakutaja. Chagua."

Kesho yake alfajiri nilifunga begi. Bibi Editha nilimlipa, nikamwambia ninasafiri. Nitasema ukweli kuhusu asubuhi ile: nilipotoka sikuwa nimeamua kwenda Mchombe. Stendi gari la Morogoro lilikuwa linanguruma, na kondakta alinishika begi kabla sijafungua mdomo. Hivyo ndivyo nilivyoondoka katika miji yote saba, mambo yakiharibika. Kilichonizuia ni picha ya mzee mwenye mguu mbovu akipanda gari la Mlimba linalopita Mchombe na kumwambia mama wa watu uongo wa kunisitiri mimi, na tangu siku hiyo kila mtu angeikataa kazi yake, mnyoo na kunde zake pamoja. Nilivuta begi. Kondakta akasema, "Sasa unakwenda au unatembeza nguo?" Nikavuka upande wa pili, kwenye magari ya Mlimba.

Barabara ilikuwa matope. Tulikwama mara mbili kabla ya Mbingu, tukashuka kusukuma, na nilifika Mchombe baada ya saa tisa alasiri nikiwa na tope hadi magotini. Nyumba ya Mama Gaudensia ilikuwa ya tofali za kuchoma, na nyuma yake nusu eka. Sikuamini ni ardhi ileile niliyosimuliwa. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, meusi kwa afya, na chini yake nyanya zimetambaa kila mahali, nyingine zimekwisha kuchanua. Wasichana wawili wa miaka saba na tisa walikuwa wamechuchumaa peku, wanang'oa magugu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuona neema yako?" Alifuta mikono. "Mbona na begi? Editha mzima?"

"Mzima. Mama, naomba watoto watoke shambani kwanza. Wanawe mikono na miguu kwa sabuni."

Alinitazama, kisha akawaita. Nilitoa sabuni yangu mwenyewe. Walipokwisha kunawa na kupelekwa mbele ya nyumba, nikasema.

"Ile mbolea si ya ng'ombe."

"Ya mbuzi?"

"Ya watu."

"Watu gani?"

"Wa Ifakara. Inatoka vyooni, inakaushwa, inachemshwa."

Akakaa juu ya mpini wa jembe. "Na choo cha Editha?"

"Kilitapishwa mwezi wa tano."

Alicheka kwa muda mfupi, kicheko kisicho na furaha. "Kumbe dada yangu ndiye aliyenitumia." Kisha akasema kitu ambacho bado nakisikia: "Babu yangu alikuwa akipanda mgomba juu ya shimo la choo lililojaa, na ndizi zake tulizigombania. Ungeniambia, ningechukua. Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Haya. Na sabuni ya watoto ni ya nini, kama ilichemshwa?"

Nikamweleza kingo, mara tano, na zile mbili ambazo sikuzifanya. Nilieleza polepole, nikamweleza na mayai ya minyoo, na kwamba nyanya ndizo zilizonisema. Hakucheka tena.

"Ulikuwa wapi?"

"Mngeta. Kutazama mashine za kuvuna."

"Hapo jirani tu." Akabandua tope kwenye jembe. "Zilikuwa nzuri?"

"Nzuri, mama."

"Nashukuru."

Alisimama akatembea katikati ya mistari, akang'oa mche mmoja wa nyanya, akautazama, akautupa. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Hilo ningeliweza, nina uzoefu nalo. Aliniuliza kinachofanyika. Nikampa maneno ya Kasiani: nyanya zing'olewe zote, mahindi yaachwe kwa sababu yanasimama juu na yanapikwa, hakuna mtoto kuingia wala kitu cha kuliwa kibichi kupandwa pale msimu huu na ujao. Nusu ya mzigo ilikuwa bado imerundikwa pembeni chini ya makuti. Hiyo irundikwe upya na pumba, igeuzwe mara tano kwa siku zake zote.

"Nani atageuza?"

"Mimi."

"Kesho, kabla hujagusa reki, utawapeleka wasichana zahanati wapewe dawa ya minyoo. Na utamweleza daktari wewe mwenyewe kwa nini. Shemeji zangu wakija kuuliza nyanya zimekwenda wapi, utawaeleza wewe. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni nasikiliza."

"Sawa mama."

Alinipeleka kwenye stoo iliyoshikamana na jiko. Magunia ya mpunga yalipangwa hadi karibu na bati, na kati yao palibaki nafasi ya mkeka mmoja. Akaukunjua, akanionyesha ilipo ndoo ya kuogea, akasema wanatumia wote hiyohiyo. Nilipotaka kuweka begi chini, alinyoosha mkono.

"Hilo nipe."

Nikampa. Alilipeleka chumbani kwake, nikasikia kufuli linagonga, akarudi anafunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

"Utaniomba nguo asubuhi, nitakutolea," akasema. "Kaa. Ugali uko tayari."